Mkono Mmoja Mfukoni

Mume wangu wanamwita Redio, na si kwa sababu anajua kutengeneza redio. Ni kinyozi. Jina walimpa wateja wake, kwa sababu ukikalia kiti chake na akakufunga kile kitambaa shingoni, huna pa kutokea mpaka taarifa zote ziishe: nani kaoa, nani kaachika, mpira ulikuwaje, na kwa nini nywele za mtu mwenye wivu hukatika ovyo. Mimi nashona nyuma ya pazia, chumba hichohicho, kwa hiyo yote nimeyasikia, mengine mara nyingi kuliko yalivyostahili. Yeye huniita Sindano, kwa sababu ya kazi yangu na, kama anavyowaambia wateja, kwa sababu ya ulimi wangu. Kwa miaka nilimwambia apunguze sauti. Kisha asubuhi moja alianguka akipiga mswaki, na sauti ikapungua kweli.

Kilikuwa kiharusi. Mdomo ulikaa upande kwa muda, halafu ukarudi mahali pake. Mguu ulibaki mzito kidogo lakini unatembea. Mkono wa kulia ndio uliogoma. Bega lilikuwa na nguvu kiasi cha kubana kitu kwapani, ila kuanzia kiwiko kushuka ulining'inia tu kama mkono wa koti lisilo na mtu.

Akafunika kiti chake cha kunyolea kwa shuka, akanyamaza. Niseme wazi kwamba ulimi haukuwa na kasoro; daktari alituambia hivyo sote wawili. Alinyamaza kwa kupenda kwake. Nikimuuliza kama atakunywa chai, anatikisa kichwa. Wateja wakija kumjulia hali, anawatazama kama watu waliokosea mlango, mpaka wakaacha kuja.

Mimi nikawa mikono yake. Nilimfunga vifungo, nikamkatia nyama, nikamnyoa ndevu, tena vibaya, na hakusema kitu. Mtu ambaye zamani angeandaa kipindi kizima juu ya mkwaruzo mmoja wa shavuni. Kabla hajanyoosha mkono kuchukua kikombe, kikombe kiko mdomoni mwake. Sina subira, na nguo za watu hazijishoni zenyewe.

Aliyenipasha ni mama wa mazoezi, pale kliniki. Alikuwa akimbanisha taulo lililokunjwa kwapani, upande ule mbovu, bana, achia, bana, achia. Alipomaliza akanivuta pembeni. Akasema mume wangu anahitaji jambo moja, hata liwe dogo namna gani, aanze mwenyewe na amalize mwenyewe bila mtu kumgusa, la sivyo nitakuwa naishi na mzigo wenye ndevu. Hata kupika yai, alisema. Nilicheka, maana hamjui Redio. Yai angeliunguza hata na mikono minne.

Nje ya kazi yake alipenda kitu kimoja tu, kuvua. Siku za mapumziko alishuka mtoni, chini ya mtambo wa maji, na fimbo yake yenye kigurudumu, na jioni alirudi na visamaki vya kuhurumiwa na hadithi ya samaki mmoja aliyemponyoka, mkubwa kama mlango. Sasa fimbo ile inataka mikono miwili, mmoja ushike na mwingine uzungushe kigurudumu cha kukunjia mshipi. Aliporudi kutoka hospitali aliitazama mchana kutwa, kisha akaniambia nimpe fundi viatu wa mlango wa pili. Fundi viatu havui samaki. Aliitumia kutundikia mikanda.

Basi siku moja namsubiri mteja aje kujaribu gauni, natazama zile video za kupotezea muda kwenye simu. Ikatokea ya mzee mmoja wa Kijapani amesimama kwenye kijito, maji yanamfika kifundoni. Nilitaka kuipita, halafu nikaona fimbo yake haina kigurudumu. Ni fimbo ndefu nyembamba, mshipi umefungwa kwenye ncha basi, na mwisho wa mshipi hakuna chambo, kuna nzi wa bandia, uzi kidogo na unyoya uliozungushwa kwenye ndoano. Anarusha polepole, kwa adabu, kama mtu anayebisha hodi kwa mkwe. Nikautafuta mkono wake wa pili. Ulikuwa mfukoni. Anavua, maji yanapita, na mkono wake mmoja uko mfukoni kama wa mtu anayesubiri basi.

Roho ilinidunda mpaka nikasimama. Hapo mteja akaingia, gauni likambana kiunoni, tukabishana kama ni gauni lililopungua au ni kiuno kilichoongezeka, na simu nikaizima. Nilikuwa nimeshaona nilichotaka kuona.

Kesho yake nilikwenda kwenye duka la vifaa vya michezo kuulizia fimbo ya namna ile. Muuzaji alisema huletwa kwa oda, na bei alinitajia kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa taarifa ya msiba. Nikamshukuru nikatoka. Njiani nikawa nabishana na nafsi yangu kwamba yule mzee pale hana kitu ila kijiti, uzi na unyoya, na kwenye mambo ya uzi hakuna wa kunifundisha.

Ufito niliuchagua kwa wauza vifaa vya ujenzi. Nilipindapinda mianzi yao na kuiachia, kama ninavyoijaribu lastiki, mpaka nikapata mmoja mwembamba, mkavu, usio na ufa, unaorudi wenyewe bila kutetemeka sana. Kwenye ncha yake nikashonea kipande cha kamba niliyoitoa kwenye kofia ya jaketi kuukuu, pa kufungia mshipi. Mshipi nikausokota kwa uzi wa nailoni, mnene huku juu na mwembamba kuelekea mwisho, ili upate uzito wa kuruka mbele. Nta ya kuupaka nilipewa na fundi viatu, na manyoya nilimwomba jogoo wake, ambaye hakukubali kwa hiari. Alinichora mkono mpaka leo hatusalimiani.

Ndoano ndogo kabisa ndizo zilizonigharimu fedha. Nilizibana kwenye mguu wa cherehani, nikafunga uzi mweusi kuwa kiwiliwili, na shingoni nikazungusha unyoya ukielekea mbele, kama mwavuli uliopinduliwa na upepo. Nzi wa kwanza alifanana na uchafu. Wa baadaye walikuwa na heshima zao.

Redio alikuwa kitandani ameelekea ukutani. Nikauweka ufito juu ya godoro. Aliutazama kwa muda, akapapasa ile kamba ya kwenye ncha, akauliza kigurudumu kiko wapi. Nikamwambia hakuna, na hakihitajiki, unavuliwa kwa mkono mmoja, na mwingine yule mzee wa Kijapani ameutia mfukoni. Aliuchukua mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto, akausindikiza taratibu mpaka ukaingia mfuko wa suruali, akakaa hivyo. Nikatoka haraka, maana sikutaka anione uso.

Mazoezi alifanyia uani, kifungo cha koti kikiwa mahali pa nzi, akilenga beseni. Alipiga nguo zangu kwenye kamba, akapiga dirisha, na siku fundi viatu alipopita kuchungulia, kifungo kikamtua katikati ya kipara. Nyuma ya pazia nikasikia kicheko. Kilikuwa kifupi na kikakatika, lakini kilikuwa chake.

Kwa hiyo tukashuka mtoni. Mshipi nilikuwa nimeupima kwa macho kutoka kwenye ile video: urefu wa ufito wote, na zaidi yake kiasi cha mkono ulionyooshwa. Mimi nilisimama nyuma yake na mfuko wa plastiki wa kutilia samaki, kama mpumbavu. Redio akarusha nzi kwenye maji yanayokimbia kando ya jiwe, akamwacha ashuke na mkondo, akamwinua, akarusha tena. Mkono wa kushoto ulikuwa mgeni wa kazi lakini ulijifunza. Nilimwona mabega yakishuka, shingo ikilegea. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu ile asubuhi ya mswaki, na sioni haya kuisema.

Samaki akashika. Redio akauinua ufito, ukapinda, na kule mwisho kitu kikawa kinapigapiga maji. Akauinua zaidi, mpaka ukasimama wima. Samaki alikuwa bado mbali. Mshipi ulikuwa mrefu kuliko ufito, kwa hiyo hata ukiinua mpaka mbinguni, samaki anabaki kule majini, na wa kumvuta ni mkono mwingine uunyakue mshipi. Mkono wa kushoto ulikuwa umeshika ufito. Nikamwona Redio anatazama mfuko wa suruali yake. Anautazama, na samaki anapigapiga.

Kabla sijafikiri nilikuwa majini na viatu vyangu, nimeudaka mshipi, nimemkamata samaki. Nikamwambia huyu hapa, tumempata.

Alimtazama yule samaki mkononi mwangu kwa macho yaleyale anayokitazamia kikombe cha chai.

"Wako huyo," akasema.

Akaulaza ufito juu ya mawe, akapanda kwenda nyumbani. Mimi nilibaki na samaki, na sikujua hata nimfanye nini. Nikamwachia, nikauokota ufito, nikamfuata Redio.

Hasira nilizielekeza kwa yule mzee wa Kijapani. Nilikaa kwenye cherehani, nikaitafuta video yake, nikaitazama kuanzia pale nilipoizima kwa ajili ya mteja hadi mwisho. Samaki anashika, mzee anainua fimbo, na kwa utulivu wake wote anautoa mkono mfukoni, anaudaka mshipi. Kumbe mkono ulikuwa unapumzika tu. Nikamtukana mzee wa watu, ambaye hajanikosea lolote, kisha nikalia. Nililia juu ya gauni la mteja mpaka ikabidi nilipige pasi upya. Nilikuwa nimemwahidi mume wangu kitu ambacho hakipo, na nimempeleka mpaka katikati ya mto akakione kwamba hakipo.

Sikumsikia alipoingia. Pazia lilisogea, akasimama nyuma yangu, bila shaka sauti ya maji kwenye video ndiyo iliyomleta. Akasema nirudishe nyuma. Nikarudisha. Akasema tena. Tulimtazama mzee akiutoa mkono mfukoni mpaka nikachoka kumchukia.

"Mshipi wake mrefu," Redio akasema. Nikadhani ameshamaliza. "Mimi mkono wangu haukupungua, mshipi ndio umezidi. Kitu kikizidi kinapunguzwa. Nipe mkasi."

Sasa mkasi wangu ni wa kitambaa. Fundi yeyote wa nguo atakuambia, mkasi wa kitambaa haukati karatasi, haukati kamba, haukati kucha za bwana harusi. Mkono wangu ulijiendea wenyewe kwenye ule mkasi, nimkatie mimi, yaishe. Nikauzuia. Nikamwambia huu haukati mshipi, na yeye anajua, na yeye ana wake.

Alinitazama. Kisha akapita upande wa pili wa pazia. Nikasikia shuka linavutwa, droo inafunguliwa, vyuma vinagongana. Alirudi na mkasi wake wa kunyolea, ambao haukuwa umeguswa tangu aanguke. Akauegemeza ufito ukutani, akauvuta mshipi ukashuka nao sambamba, akabana pale alipotaka pakatwe kwa goti dhidi ya meza. Mkasi wa mkono wa kulia ukishikwa kwa kushoto hautaki kukata, unatafuna. Alitafuna uzi ule hadi jasho likamtoka. Mimi nilikuwa nimeikalia mikono yangu. Nasema kweli, niliikalia, kila mmoja chini ya paja lake, kama mtoto aliyekatazwa keki.

Uzi ukakatika. Ulikuwa umechanika vibaya, na ulikuwa mfupi kuliko ufito kwa kiasi cha mkono. Akaupuliza vile anavyopulizaga nywele kwenye shingo ya mteja.

Siku zilizofuata nilimchungulia kwenye upenyo wa pazia. Anainua ufito, kifungo kinamjia kifuani, anauhamishia ufito kwenye kwapa la upande mbovu, anabana, kisha mkono wa kushoto unakimbilia kifungo. Bana, achia. Ufito ulimwanguka mara nyingi kuliko ulivyokaa. Mara moja uliangusha chupa za mafuta ya nywele, zikavunjika zote, na nilijisikia mwenyewe nikimwambia haidhuru, mimi ambaye kwa chupa moja ningemsema wiki nzima.

Safari ya pili mtoni alinipa masharti. Nikae juu, kwenye jiwe kubwa, na nisishuke hata akianguka.

Nikamuuliza, "Ukizama?"

"Maji ya kifundoni. Nikizama humo acha nife, nitakuwa nimestahili."

Nikapanda kwenye jiwe. Samaki wa kwanza alishika akachomoka. Mwingine aliukata uzi kwenye mizizi akaondoka na nzi wangu, yule mwenye heshima kuliko wote. Redio akafunga nzi mpya mwenyewe kwa meno na vidole, na fundo lake lilikuwa baya mno hivi kwamba ilinibidi nitazame upande mwingine.

Kisha akashika wa tatu. Alipoinua ufito, samaki akatoka majini akimjia kifuani moja kwa moja. Akautia ufito kwapani, akabana. Samaki akampiga shati, akazunguka, akampiga tena. Mkono wa kushoto ulimfuata kama mtu anayefukuza kuku. Mguu mzito ukateleza juu ya jiwe, na mume wangu akapiga magoti majini. Nilishasimama. Sijui nilisimama lini. Nilikuwa nimejishika mwenyewe, kiganja hiki kimekamata kifundo cha mkono ule, na nilijiambia kwa sauti, kaa, mwanamke, kaa. Ufito ulikuwa bado kwapani. Alimkosa, akamkosa tena, halafu akainama akambana samaki kati ya kiganja na kifua chake, juu ya moyo, akabaki hivyo amepiga magoti anahema.

Alimtoa ndoano kwa kidole gumba. Samaki mwenyewe hakuzidi kidole changu cha kati. Redio alimtazama mbele, akamtazama nyuma, akateremsha kiganja majini akamwacha aende. Hakuniita, na mimi sikushuka. Nilipofumbua mikono yangu, kucha zilikuwa zimeniacha alama.

Njia nzima alitembea mbele yangu, suruali inachuruzika, hasemi kitu, na nikaanza kuogopa kwamba hata hilo halikutosha.

Tulipofika, fundi viatu alikuwa mlangoni kwake, akatufuata ndani kuuliza habari za huko. Watu wawili waliokuwa wakisubiri viatu vyao wakaja naye. Redio akalivuta shuka, akakikalia kiti chake cha kunyolea, akiwa amelowa vilevile. Mimi nikapita nyuma ya pazia, nikashika kazi yangu.

"Sasa sikilizeni," akasema.

Akaanza. Alianza na wingu la asubuhi, akaja kwenye rangi ya maji, akamweleza yule wa kwanza aliyechomoka, hasira zake na ukoo wake, akaeleza Wajapani na tabia zao, ambazo alizijua ghafla. Sauti ilipita kwenye pazia, ikapita ukutani, na nadhani ilifika barabarani, kwa sababu nilisikia watu wengine wakiingia. Sikumwambia apunguze. Sindano ilikuwa imesimama kwenye kitambaa, nami sioni vizuri kwa machozi.

Akafika kwa samaki mwenyewe. "Nikamwinua," akasema, "na alikuwa mkubwa hivi."

Kwenye upenyo wa pazia nikamwona ameinua mkono wa kushoto mbele yake, kiganja kimesimama hewani, na upande wa pili wa kiganja hakuna kitu. Ukubwa wa samaki unaonyeshwa kwa mikono miwili. Fundi viatu akainamisha macho kwenye viatu vyake. Redio alikitazama kiganja kile, na mimi niliibana mikono yangu magotini, kwa sababu nilikuwa nimejifunza.

"Sindano," akaita. Hakuwa ameniita hivyo tangu aanguke. "Njoo, unisaidie mkono."

Nikatoka. Nikasimama upande wake wa kulia, nikakiinua kiganja changu kikatazamana na chake, na katikati nikaacha nafasi ya yule samaki kama alivyokuwa, kidole changu cha kati. Redio akaitazama ile nafasi. Kisha akanitazama mimi, na nikakijua kile kicheko cha macho, nilikikosa kuliko nilivyojua.

"Sogeza," akasema.

Nikasogeza.

"Usiogope, sogeza tena."

Nikasogeza mpaka pazia likanigusa mgongoni. Fundi viatu akasema samaki wa hivyo katika mto ule hajawahi kuwepo. Redio akamwambia amuulize mke wake, alikuwepo pale, aliona yote kutoka juu ya jiwe. Wote wakanigeukia. Nikasema ndiyo, alikuwa hivyo, na mkono wangu nikauacha palepale aliponiambia niuweke.